Munib Kioo na Rimu Zilizopanda Mlimani

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa ukutani mwa kibanda changu cha kahawa, hapa Travnik, pale barabara itokayo mlima Vlašić inapomaliza kuteremka na kuingia mjini. Kila gari litokalo juu lazima litupite mbele ya pua, na kila gari likipita lazima lisemwe. Mimi ndiye Mevla, mwenye jiko na vikombe. Wananiita Shangazi, hata wale walionizidi umri. Wa kudumu pale ni watatu. Munib ni Kioo, maana Golf yake nyeupe huifuta mpaka unaweza kujitazama meno. Rifat ni Redio: habari zote anazo, ila hakuna iliyowahi kuthibitishwa. Na Fehim ni Hekima, mwenye methali kwa kila jambo, na kila methali inaangukia jambo lisilo lake. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa kumi. Ukungu umeufunika mlima kama kilemba, baridi inauma masikio, na Kioo akatokea kwa miguu, mikono myeusi kwa grisi, uso umechangamka kama bwana harusi.

Redio: Kioo kwa miguu! Jamani, dunia imefika mwisho. Gari umeliuza?

Kioo: Limepanda mlimani, bwana wee. Zuhra kaenda kumchukua mama yake kule vibandani kwa wachungaji kabla theluji haijawafungia njia. Shangazi, nipe ya kwangu, na sukari ya vipande usininyime.

Mimi: Zuhra kaendesha mwenyewe? Na ukungu wote huu?

Kioo: Mke wangu anaendesha vizuri kuliko Redio anavyosema uongo.

Hekima: Hapo umenena. Mwenda pole hajikwai, ndiyo maana Redio hajawahi kufika popote.

Tukacheka. Nikamwekea Kioo kahawa yake kwenye sinia dogo la shaba. Akachovya kipande cha sukari, akang'ata ncha, akanywa juu yake kama wanywavyo watu wa hapa tangu enzi za babu zao.

Redio: Na kaenda na zile spoti rimu mpya?

Kioo: Kaenda na zipi tena? Zile za zamani za chuma nimezitupa ghalani, zinatia aibu.

Rimu hizo tulizijua sote. Alizinunua kwa mtu gulioni, akazifunga Jumamosi mbele ya macho yetu. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo: pana, za fedha, mikono mitano itokayo kitovuni, iliyopinda kama jani la mwaloni. Kijiwe kizima kililizunguka lile gari. Mimi mwenyewe nilitoka na kitambaa cha vyombo begani nikasema gari limependeza kama bibi harusi. Zuhra peke yake ndiye aliyesimama mlangoni akiwa amekunja mikono, akatazama, akarudi ndani.

Redio: Mimi nilisikia kuna jamaa wa Zenica, alifunga rimu za mitaani hivi hivi, zikawa zinagusa kalipa. Mwezi haukuisha...

Kioo: Usinitie nuhusi asubuhi yote hii! Zangu hazigusi. Nilipima.

Mimi: Kalipa ndiyo nini?

Laiti nisingeuliza. Au labda heri niliuliza. Mpaka leo sijui. Kioo hupenda kufundisha. Akasogeza sinia, akakisimamisha kisahani changu wima juu ya benchi.

Kioo: Tazama, Shangazi. Kisahani hiki ni diski, kinazunguka pamoja na gurudumu. Pande mbili za diski kuna pedi za breki. Redio, lete hicho kipande ulichokitafuna. Na changu. Haya, hizi sukari ndizo pedi, moja huku, moja huku. Sasa vidole vyangu, gumba na hiki cha shahada, ndiyo kalipa. Ukikanyaga breki, kalipa inabana, pedi zinakamata diski, gari linasimama. Umenielewa?

Mimi: Mpaka hapo nimekuelewa.

Kioo: Rimu nayo inapita hapa, mgongoni mwa kidole.

Akavuta kikombe cha Hekima mpaka kikawa karibu na kidole chake cha shahada, hakikigusi.

Kioo: Kati ya kidole na kikombe lazima pawe na nafasi. Rimu nyingine mikono yake imeingia ndani mno, inakwaruza kalipa. Mimi Jumamosi nilipitisha sarafu nzima ya marka hapo katikati. Ikapita! Nani kati ya hao mafundi wenu wa gulioni anapima hivyo?

Hekima: Kipimo cha mgeni ni miguu yake.

Redio: Methali gani hiyo, mzee?

Hekima: Ya kwetu.

Kioo: Na sikuishia hapo. Pedi zilikuwa zimelika, kama sukari hii aliyoila Redio. Leo alfajiri nikajiambia, mke wangu anateremka mlima mzima, na mama mzee kwenye kiti cha nyuma. Siwezi kumwachia pedi kuukuu. Nikafungua magurudumu ya mbele, nikamtilia pedi mpya, nene. Hivi.

Akakitoa kile kipande cha sukari kilichotafunwa, upande wa nje. Akachukua kingine kutoka bakulini, kizima, chenye pembe zake zote. Akakitia kati ya kidole na kisahani.

Kidole kikasogea nje. Kikombe kikalia, *ti*.

Kioo akakitazama. Akakitoa kipande kizima, akarudisha kile kilicholika. Kidole kikarudi ndani, nafasi ikaonekana. Akatia kizima tena. *Ti.*

Lori la maziwa lilipita mbele yetu na hakuna aliyelisema.

Redio: Lakini... si uliyazungusha magurudumu baada ya kuyafunga?

Kioo: Niliyazungusha. Gari likiwa kwenye jeki. Yalizunguka, hayakukwaruza.

Redio: Kwenye jeki gurudumu halibebi kitu. Kwenye kona gari linalala upande mmoja, lote.

Kioo: Najua.

Redio: Na breki zikipata moto...

Kioo: Najua, Rifat!

Alimwita kwa jina lake. Sijawahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Tayari alikuwa na simu sikioni, na sote tukaisikia ile sauti ya mwanamke wa kwenye mashine ikisema, kwa adabu zake zote, kwamba namba hiyo haipatikani. Kule vibandani mtandao haufiki. Tunajua hivyo miaka yote. Akapiga tena.

Mimi: Tulieni kwanza. Mbona kapanda salama?

Kioo: Kupanda hakutaki breki, Shangazi. Kupanda unakanyaga mafuta tu. Anaweza kuwa kafika juu bila kusikia chochote. Kazi ni kuteremka.

Basi hapo ndipo hofu ilipowaingia wale wazee, na hofu ikimwingia mtu wa kijiweni humtokea mdomoni.

Hekima: Rimu zenyewe ni aluminiamu, siyo? Kama sufuria. Marehemu mke wangu aliisahau sufuria jikoni ikayeyuka, ikatiririka kama nta. Sasa fikiria gurudumu.

Mimi: Hekima, nyamaza.

Redio: Siyo kuyeyuka. Inakula. Inakula kalipa, ikimaliza inakula mpira wa mafuta ya breki, mafuta yanamwagika kwenye chuma cha moto. Yule jamaa wa Zenica gari lilimwakia likiwa linakwenda. Alitoka ameshika usukani mkononi, usukani peke yake.

Hekima: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Redio: Na mimi nitasema jambo ambalo wote mnaliogopa. Yule aliyemuuzia, kwa nini aliziuza? Rimu nzuri vile, kwa bei ile? Hizo zimetoka kwenye gari la ajali. Hizo ni za marehemu. Zinaijua njia ya bondeni.

Nikalipiga sinia benchini mpaka vikombe vikaruka.

Mimi: Hamna haya? Mtu mkewe yuko mlimani, mnamzika! Kama mna akili, mmoja atoe gari amfuate!

Wakatazamana. Gari la Redio, gia boksi ilikuwa sakafuni kwa fundi tangu kiangazi. Hekima leseni alinyang'anywa na daktari wa macho. Kijiwe kizima kilichokuwa kikitoa hukumu juu ya kila gari lipitalo, hakikuwa na gari hata moja. Nikampigia dereva wa teksi wa mtaa wetu. Akasema yuko Zenica, kampeleka mgonjwa, atarudi jioni.

Kioo hakungoja jibu hilo. Alikuwa ameshavuka barabara, ameanza kukimbia mlimani na viatu vyake vya kazini, mtu wa miaka hamsini na kitu mwenye tumbo. Tulimwona mpaka kona ya kwanza. Kisha ukungu ukammeza.

Tukakaa. Kila gari likitokea juu tulisimama, tukaona si jeupe, tukakaa. Redio alijaribu mara moja kusema kwamba aliwahi kusikia kisa, nikamtazama, akakimeza. Hekima alikuwa akiuvuta uzi wa kofia yake mpaka ukaachia.

Kisha likateremka lori la magogo, likasimama mbele ya kibanda. Dereva akaruka chini, kijana mnene mwenye ndevu, si wa hapa kwetu, anapulizia mikono yake.

Dereva: Salama, wazee. Mama, kahawa ipo?

Mimi: Ipo. Umekutana na Golf nyeupe huko juu?

Dereva: Yenye rimu za kung'aa?



Redio: Hiyo hiyo. Iko wapi?

Dereva: Kwenye kona ya chemchemi. Pua imezama kwenye tuta la udongo. Nusura niigonge kwa ule ukungu. Nikashuka nikachungulia. Milango iko wazi, ndani hamna mtu. Gurudumu la mbele linanuka chuma kilichoungua, ukilisogelea unahisi joto usoni.

Hekima: Damu?

Hakuwa na methali. Aliuliza neno hilo moja, kwa sauti ndogo.

Dereva: Damu sikuona. Niliona kiatu. Cha bibi mzee, cha sufu, kimenasa kwenye matope kando ya mlango.

Mimi: Uliita?

Dereva: Niliita, nikapiga honi. Kule honi hairudi, ukungu unaimeza. Kuna korongo ng'ambo ya barabara, nikachungulia. Sioni hata hatua tano. Halafu huku chini nimekutana na mzee mmoja anakimbia. Nikamwambia kama nilivyowaambia ninyi.

Redio: Akasemaje?

Dereva: Alikaa chini katikati ya barabara. Nikataka nimpakie nimrudishe, akaukataa mkono wangu, akainuka, akaendelea kupanda.

Sikumaliza kummiminia yule kijana kahawa yake. Hekima akaipokea birika kwangu, akammiminia yeye, na nusu ikaenda kwenye sinia. Redio akapiga simu polisi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema tu kile alichokijua: kona ya chemchemi, gari jeupe, wanawake wawili, hawaonekani. Wakasema watatuma watu, na dereva akakaa nasi kungoja.

Ikaadhiniwa alasiri. Hekima akatandika koti lake nyuma ya kibanda, akasali, akachelewa sana kwenye sijda ya mwisho. Nikamwaza Zuhra. Tulisoma darasa moja. Msichana aliyekuwa haogopi mbwa wala walimu. Jumamosi ile alipokunja mikono mlangoni, ningeweza kumfuata ndani nikamuuliza, una nini? Nilibaki nje nikisifu.

Kwanza tulisikia kengele.

Ndogo, nyingi, za mbali, kama mtu anatikisa droo ya vijiko. Hatukuona chochote. Kisha ukungu wa kona ya kwanza ukaanza kutoa vichwa: kondoo, tena kondoo, barabara nzima, wachungaji wanawashusha kwa ajili ya majira ya baridi. Katikati yao ikaja trekta taratibu inavuta tela, na juu ya tela kulikuwa na magunia ya sufu, mapipa ya jibini, na wanawake wawili wamejifunika blanketi moja.

Mimi: Zuhra!

Nikapita katikati ya kondoo nikisukumwa huku na huku, nikamkamata mguu, maana ndio niliofikia. Ulikuwa baridi kama jiwe. Nikaushika hivyo hivyo. Nyuma ya tela alikuwa Kioo, anatembea, ameshikilia ubao kwa mikono miwili. Hakupanda. Sijui kama alikatazwa au alijikataza.

Tukawashusha mbele ya kibanda, na Redio akawapigia polisi kwamba wamepatikana. Mama yake Zuhra, Bibi Devleta, alikuwa na kiatu kimoja, mguu mwingine umefungwa kitambaa. Nikamkalisha benchini, nikamwekea makaa karibu. Zuhra alikataa kukaa.

Redio: Shemeji, ilikuwaje?

Zuhra: Kupanda, hakuna kitu. Nikasema, haya, huenda mume wangu ana akili. Tulipoanza kuteremka, kona ya kwanza, nikasikia kama mtu anakwaruza sufuria kwa kisu. Nikinyoosha, kimya. Nikikata kona, kisu. Mama akasema ni majani makavu. Nikakanyaga breki, usukani ukaanza kunitetemekea mikononi, harufu ikaingia. Nikaachia breki, gari likakimbia. Nikakanyaga, likavutia upande wa korongo. Kila nikishika breki linanipeleka korongoni.

Aliongea polepole, anatazama mikono yake.

Zuhra: Nikajua breki siwezi kuishika tena. Nikarudisha gia ya pili, gari likalia. Nikatia ya kwanza, mama akarushwa mbele. Nikavuta hendibreki kidogo kidogo, nikamwambia mama apige shahada.

Bibi Devleta: Nilishaanza mwenyewe, hukuniambia.

Zuhra: Mbele yangu ukungu, sijui kama kuna lori linapanda. Nilipoliona tuta la chemchemi nikalielekeza humo. Lilisimama. Nikatoka nikaona rimu imechimbwa mfereji ndani kuzunguka mikono yote, na bolti mbili unaweza kuzizungusha kwa vidole. Kona mbili nyingine, Mevla, gurudumu lingechomoka. Pengine moja. Nikamtoa mama haraka, kiatu kikabaki, maana niliogopa lije gari jingine litupige palepale. Tukapanda kupitia malishoni mpaka kwenye moto wa wachungaji.

Dereva: Mimi niliwaita, dada.

Zuhra: Nilisikia honi. Sikuwa na sauti ya kujibu.

Kioo alikuwa bado amesimama pembeni, udongo umemjaa magotini.

Kioo: Zuhra. Zile pedi, niliziweka kwa ajili yako. Nilitaka ufike salama. Wallahi ndiyo sababu pekee.

Zuhra: Najua, Munib. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Halafu Zuhra akakaa, na Kioo akavua koti akamwekea mabegani bila kumgusa, kama mtu anayefunika kitu chenye moto. Hakulikataa. Alilishika kwa ndani kwa ncha za vidole. Kioo akachuchumaa mbele yake, na sisi wengine tukageuza nyuso tukawatazama kondoo.

Redio ndiye aliyeanza tena.

Redio: Tatizo lilikuwa zile pedi. Kwa pedi za zamani rimu zingekaa vizuri.

Dereva: Zingekaa mpaka siku ya kubadilisha pedi. Dawa yake ni spesa, kile kipande cha bapa unachotia nyuma ya rimu kuisogeza nje.

Redio: Na bolti ndefu zaidi.

Hekima: Mimi ningezichonga ndani kwa tupa. Mchumia juani hulia kivulini.

Dereva: Ukizichonga unazidhoofisha, mzee. Bora angetafuta zenye mikono iliyotoka nje.

Wakawa wameshika moto, watatu hao, spesa hivi, bolti vile, vidole vinachora hewani. Bibi Devleta aliwasikiliza wote kwa adabu, kichwa kinamfuata kila aliyesema. Ana miaka themanini na kitu. Msimu mzima huukaa mlimani na ng'ombe wake, magari huyaona yakimleta na kumrudisha tu. Akanyoosha mguu wake usio na kiatu kwenye makaa, akangoja wanyamaze kidogo.

Bibi Devleta: Munib, mwanangu.

Kioo: Naam, mama.

Bibi Devleta: Nieleze basi, maana mimi mambo haya siyajui. Zile rimu za zamani zilikuwa na ubaya gani?

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Kioo akainua uso. Akamtazama Redio. Redio akatazama barabara. Hekima alikohoa kama mtu anayetafuta methali mfuko hadi mfuko, akakosa hata isiyofaa. Dereva wa lori aliyekuwa na maneno mengi kuhusu spesa akaanza kujipapasa akitafuta funguo. Nami nikajikuta ninafuta kikombe ambacho kilikuwa kikavu tayari.

Kondoo wa mwisho wakapita, na mbwa nyuma yao. Mwenye trekta akazima injini ili asikie.

Bibi Devleta alikuwa bado amemtazama mkwewe usoni, kwa upole, anangoja aambiwe.